Shemeji Aliyecheza Manila

Ukifika South Beach, Durban, ukauliza jina lake la kwenye pasipoti, hakuna atakayejua unamtafuta nani. Uliza Shemeji. Mlinzi wa mlangoni, Mzulu ambaye Kiswahili chake chote ni neno hilo moja, atakuonyesha lifti na kukwambia ghorofa ya tisa, na kama lifti imekufa atakupa pole. Wanaume waliooa dada zetu katika jengo letu ni wengi, lakini Shemeji ni mmoja. Wengine tunawaita kwa majina yao.

Mimi ni jirani yake, mlango wangu unatazamana na wake. Ni fundi cherehani, mwanamke wa Kigoma, na mpira wa kikapu nilianza kuuangalia hapa hapa Durban nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Kwa hiyo msinitegemee kuwaeleza ufundi wa mchezo. Ninachokijua ni yule mtu mwenyewe, na habari zake nitazisema kwa majivuno, maana sioni sababu ya kuzinong'ona.

Watu wakisikia kwamba alikuwa mchezaji wa kulipwa, huinua macho kutafuta kichwa chake huko juu. Halafu inabidi wayashushe. Hajanizidi sana kimo, na mimi nikienda sokoni naazima mtu wa kunishushia vitu rafuni. Wazazi wake walitoka Ufilipino wakahamia California, yeye akakulia huko, basi Kiingereza chake ni cha kwenye sinema na uso wake ni wa Manila. Barabarani Durban wanamwita China. Zamani alikuwa anawasahihisha. Siku hizi anapunga mkono na kupita.

Kwa muda mrefu jengo zima lilikuwa halimwamini. Mkubwa wa wasioamini alikuwa Fiston, Mkongo wa Uvira, dereva wa teksi za kwenye simu na nahodha wa timu ya Wakongo. "Shemeji, usitudanganye," alikuwa akimwambia kwenye korido, kwa sauti ya kusikika ghorofa tatu. "Ulikuwa pale uwanjani, ndiyo, lakini ulikuwa unauza popcorn."

"Ndiyo, Fiston. Popcorn," Shemeji anajibu. "Na iko tamu sana. Minauza kwa baba yako."

Hakuwahi kuleta picha wala kufungua simu yake kuonyesha chochote. Ukweli ulikuja wenyewe, na ulikuja na mabaharia. Ilikuwa alasiri, anafundisha vijana kwenye kiwanja cha karibu na ufukwe, nami nilikuwa nimewapelekea jezi. Wakapita wanaume sita wa Kifilipino, wa meli iliyokuwa bandarini, wanakula aiskrimu. Mmoja akasimama. Akatazama, akawaita wenzake kwa ile sauti ya "psst" tunayoitana nayo sisi, kisha akapiga ukelele ambao nilidhani kaumwa na kitu. Aiskrimu ikaanguka. Mtu mzima, mwenye mvi, akaingia kiwanjani akamshika Shemeji mkono kwa mikono miwili na hakutaka kuuachia. Wenzake wakaanza kupiga picha. Mmoja akawa anawaeleza vijana wetu kwa Kiingereza pasi fulani ya miaka mingi iliyopita, akikimbia huku na huku na kuzunguka, akimwigiza Shemeji na mpinzani na mashabiki pia. Fiston alikuwa pale. Alinyamaza kabisa, na kumnyamazisha Fiston si jambo dogo. Walipoondoka akamwendea Shemeji akamwambia, "Franchement, kusema kweli, popcorn yako ilikuwa na nguvu." Mimi nilirudi nyumbani nikamsimulia kila niliyekutana naye kwenye ngazi, na kila niliposimulia mabaharia walizidi kuwa wengi.

Habari za kazi yake nilizipata kwa vipande, akiwa amesimama kwenye chumba changu cha kushonea akingoja suruali ipunguzwe. Kule Amerika walimwambia mfupi. Alicheza chuo kidogo ambacho hata Wamarekani wenyewe hawakijui, akawa bora kuliko wote, na alipomaliza hakuna timu iliyomtaka. Mashabiki wa timu pinzani walikuwa wakimpigia kelele arudi kwao Ufilipino, mahali ambapo hakuwa amewahi kutia mguu. Basi akaenda.

Anasema Manila kila uchochoro una kikapu, kimepigiliwa kwenye nguzo ya umeme, kwenye mti, kwenye ukuta wa kanisa, na watoto wanacheza wamevaa kandambili. Aliposhuka kwenye ndege alidhani amefika kwao. Lakini ligi ya kule ina sheria ya wenyeji na wageni wa kukodiwa, na yeye alikuja na pasipoti ya Amerika na ulimi wa Amerika, watu wakaanza kubishana kama damu yake inatosha. Msimu wake wa kwanza aliumaliza akiwa amekaa jukwaani na nguo za kawaida, anasubiri wakubwa waamue yeye ni nani. Waliporuhusu acheze, mashabiki wakampigia kelele arudi kwao Amerika.

Akacheza hivyo hivyo. Akacheza miaka mingi, timu hii ikimuuza kwa timu ile, mpaka wale waliomzomea wakawa wanawapa watoto wao jina lake. Hakuwa mfungaji. Kazi yake ilikuwa kugawa mpira, kumtafuta mwenzake aliye wazi na kumfikishia kabla mwenyewe hajajua kwamba yuko wazi. Huwaambia vijana wetu kwamba mfungaji hupigwa picha, lakini mgawa pasi hualikwa chakula. Na ni kweli, huyu mtu hali kwake. Nusu ya wiki utamkuta kwa Warundi au kwa Wakongo au kwangu, anafunua sufuria.

Kuhusu chakula, kuna jambo ambalo mama mkwe wake amelivumilia kwa taabu. Shemeji hali bila wali. Ukimpa ugali anaula wote na kuusifu, kisha anauliza wali uko wapi. Maharage na wali, ndizi na wali, chipsi na wali. Yule mama alipokuja kutoka Bujumbura kumsalimia binti yake Espérance, alidhani mkwe anamtukana mpishi. Siku ya tatu akamchukua Espérance pembeni akamuuliza kama amewahi kumshibisha mumewe hata siku moja. Ziara yenyewe ilikuwa ya mwezi mmoja. Bado yupo, na siku hizi wali anaupika yeye.

Espérance ana saluni chini ya jengo letu, na jinsi walivyopatana ni hadithi ambayo wateja wanaiagiza kama wanavyoagiza mtindo wa nywele. Shemeji alikuwa ameitwa Durban kufundisha kwenye shule moja kwa miezi michache, baada ya timu yake ya mwisho kumpigia simu asifike tena mazoezini. Alikuwa anatafuta benki. Akachungulia saluni na kuuliza. Espérance alikuwa na mikono yote miwili ndani ya nywele za mtu, basi akamwonyesha kama tunavyoonyesha sisi, akabinua midomo kuelekea kona. Wazungu huuliza tena. Watu wa hapa huuliza tena. Yeye aliinua nyusi kusema ndiyo, nimeelewa, akaenda moja kwa moja mpaka benki. Espérance akabaki na kitana hewani.

"Mwanaume si wa kwetu, lakini alifuata midomo yangu bila kuuliza," huwaambia wateja. "Nilijua huyu atarudi."

Alirudi siku hiyo hiyo, na kwa nywele zile fupi alizonazo hakuwa na sababu yoyote ya kuingia saluni. Kumbe kwao pia wanaonyesha kwa midomo na kukubali kwa nyusi. Alikuwa ameufanya mchezo huo kuwa silaha uwanjani: midomo inaonyesha kushoto, beki anaenda kushoto, mpira umeshaenda kulia. Aliwafundisha vijana wetu, nao hawakuhitaji masomo mengi. Kocha wa timu moja ya Glenwood, ya wanafunzi, aliwahi kusimamisha mechi akilalamika kwamba wachezaji wetu wanawabusu wachezaji wake kwa mbali.

Msidhani ni malaika. Anahubiri kwamba kufungwa si kitu, kisha akifungwa haongei mpaka kesho yake, na Espérance anahamia kwangu na sahani yake ili ale na watu wenye sauti. Akicheza karata na wanangu haachii hata mkono mmoja, na akishinda anashangilia mbele ya mtoto anayelia. Mazoezi yakiwa saa kumi, yeye anafika saa kumi na nusu, na akifika anawakemea waliochelewa mpaka saa kumi na robo. Kanisani anaimba kwa nguvu kuliko kwaya nzima, macho amefumba, mkono umeinuliwa, kwa maneno ya Kirundi ambayo hajui maana yake. Nilimwambia siku moja kwamba anawafunika waimbaji wa mbele. Akanijibu kwamba mimi, Mwislamu niliyekwenda kwa harusi tu, nisimpangie sauti.

Kiswahili chake ni pilau. Kakianza kwa Wakongo, kakichanganya na cha mke wake, mimi nimetia cha Kigoma kwa nguvu. Atasema "iko" palipo na "yupo", atasema "bantu" halafu "watu" katika sentensi moja, na akikwama anatupia "sharp", yaani sawa kwa watu wa hapa, na kuendelea. Lakini akifundisha hakosi kueleweka. Anaweza kuwafanya vijana kumi wacheze muda wote bila mtu kufungua mdomo, ili wajifunze kutazamana. Aliyeropoka anakimbia kuzunguka kiwanja. Fiston amezunguka kiwanja kile zaidi ya mtu yeyote.

Jumamosi anawafundisha Warundi, Jumapili baada ya ibada Wakongo, Wakenya katikati ya wiki, na Watanzania wenzangu siku wakipatana. Wote anawafundisha mambo yale yale na hamfichi mmoja alichompa mwingine. Kila timu imewahi kumshuku kwamba ni jasusi wa timu nyingine. Yeye anacheka na kuomba sahani.

Sasa nifike kwenye jambo lililokuwa linamuuma. Kila Desemba jumuiya zetu zina mashindano, na sheria yake tuliitunga wenyewe: kila timu icheze na watu wake. Tuliitunga mwaka ambao Wakenya walileta jitu la Kizulu wakaapa kwamba ni Mluhya. Sheria ni nzuri, ila ilimwacha nje mtu mmoja. Kati yetu wote, aliyewahi kulipwa kwa kucheza alikuwa ndiye asiyecheza. Kila mwaka aliziandaa timu zote nne, kisha siku ya mashindano akaja kukaa mezani kwangu kunisaidia kugeuza namba za pointi. Mimi niliwekwa mezani kwa sababu Warundi hawamwamini Mkongo na Wakongo hawamwamini Mrundi, na timu yetu sisi hutolewa asubuhi.

Mwaka jana alikuja chumbani kwangu kuniomba nimshonee upya mkanda wa goti. Akakaa, jambo ambalo huwa hafanyi.

"Dada," akasema, "daktari anasema goti hili iko karibu kuniaga."

Nikampa pole. Akautazama ule mkanda mikononi mwangu.

"Amerika nilikuwa Mfilipino. Manila nilikuwa Mmarekani. Hapa ni China. Kila mahali nimecheza, nimecheza kama mgeni. Ninataka kucheza mara moja tu niko mtu wa pale. Mara moja, halafu goti iende."

Nikamwambia hilo ni jepesi, nitaongea na wakubwa wa jumuiya, watamtolea ruhusa. Akanikatalia kwa ukali ambao sijauona kwake nje ya kiwanja.

"Hapana, dada. Kuomba nimeomba kule Manila, msimu mzima. Mtu wa nyumbani haombi ruhusa ya kuingia nyumbani."

Nilimaliza mkanda, nikamfunga mwenyewe. Nilikuwa na maneno mengi ya kwenda kuwaambia wakubwa, nikayameza kwa sababu alinikataza.

Desemba ikaja. Fainali ilikuwa Warundi na Wakongo, kwenye uwanja wa shule tuliouazima Queensburgh, jua limewaka mpaka mpira unachoma mikono. Kipindi cha pili Mrundi mmoja akatolewa kwa kuzidisha makosa, na muda mfupi baadaye mwingine akatua vibaya akateguka kifundo cha mguu. Benchi lao halikuwa na mtu. Wakabaki wanne, na Wakongo walikuwa mbele kwa pointi tatu.

Mama mkwe wa Shemeji alikuwa amekaa pembeni chini ya mwavuli. Akanyanyuka nao, akakata uwanja katikati huku refa akimtazama, akafika mezani kwangu.

"Mkwe wangu," akasema, "watoto wetu wamebaki wanne. Wewe unakaa hapa unageuza vikaratasi?"

"Mama, sheria iko—"

"Sikukuuliza sheria. Vaa."

Nahodha wa Warundi alikuwa ameshafika na jezi ya yule aliyeumia. Ilimfika Shemeji mapajani. Nikaikusanya mgongoni nikaibana kwa pini. Akaingia. Warundi wakapiga vigelegele na Espérance akafunika uso kwa kanga.

Ndipo Fiston alipotoka mbio kutoka upande wa pili, mikono juu. "Arbitre! Refa! Non, non, non! Simamisha! Huyu si Mrundi!"

Nilimtazama Shemeji. Alitikisa kichwa kidogo, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari anayoijua. Akakaa chini pale pale kwenye mstari, akaanza kufungua kamba za viatu. Alishavua kiatu kimoja.

Nilisimama na hasira zangu zote. "Fiston, una roho gani wewe? Mtu huyu amekufundisha mpaka kuushika huo mpira!"

"Dada, niache nimalize!" Fiston alikuwa karibu kulia kwa uchungu. "Huyu si Mrundi, huyu iko wa kwetu! Alifika hapa, alilala kwa nani? Kwangu! Kwenye godoro yangu, mimi nililala chini! Kiswahili anaongea ni ya wapi, ni ya Bujumbura ile? Kama anacheza leo, anacheza na sisi. Hawa Warundi banatuibia mtu wetu mchana kweupe!" Na alikuwa na jezi ya Wakongo mkononi, ameileta.

"Wenu?" Mama mkwe akafunga mwavuli ili autumie vizuri. "Wenu wa wapi? Watoto wake wanamwita nani nyanya? Wewe?"

Warundi wakaingia uwanjani. Wakongo wakaingia uwanjani. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake: huyu alimpeleka kununua kitanda, yule alisimamia ubatizo wa mwanawe wa kwanza, mwingine alimfundisha kula sombe, kisamvu cha kwao. Na mimi, niliyewekwa mezani kwa kuwa sina upande, nikajikuta nimepanda juu ya kiti napiga kelele kwamba siku ya kwenda kumposa Espérance hakuwa na mzazi wa kumsemea, na aliyesimama kama baba yake mdogo alikuwa mume wangu, mtu wa Kigoma, kwa hiyo kama mambo ni ya ukoo basi tuheshimiane, huyu ni Mtanzania. Watanzania, waliokuwa wamelala kivulini tangu kutolewa asubuhi, wakaamka na kushangilia.

"Eish," akasema refa, mtu wa Umlazi, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja katika yote hayo. "Whose player is this?" Hakuna aliyemjibu maana wote walikuwa wanajibu. Akaweka filimbi mdomoni.

Shemeji akanyoosha mkono kutoka pale chini akamshika refa suruali. "Wait, bhuti," akamwambia, kwa neno la Kizulu la kumwita kaka. "Please. Wait." Machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi mbele ya watu wote, na hakuyafuta. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa bado juu ya kiti.

"Dada, usiwatulize," akasema. "Waache wagombane kidogo."

Akakivuta kile kiatu, akakivaa, akaanza kufunga kamba polepole, na hakuuliza atachezea upande gani.